Mboga Kwanza: Kupanga Chakula cha Familia kwa Wiki Nzima

Ikifika saa tano asubuhi, swali ni lilelile katika nyumba nyingi za Mbagala, Manzese na Buguruni, Dar es Salaam: leo mboga nini? Hakuna anayeuliza habari za ugali. Unga umo ndooni tangu mwanzo wa mwezi. Kinachosumbua ni mboga, na jikoni mboga si majani peke yake; maharage ni mboga, dagaa ni mboga, hata nyama huitwa mboga. Anayekwenda gengeni saa hiyo, jua limeshawaka na mtoto analia njaa, hununua anachokikuta: nyanya mbili, kitunguu, kabichi kama ya jana, na njiani anapitia dukani kwa mafuta ya kupima.

Familia inayotaka kula vizuri bila kuongeza matumizi ianzie hapo. Ipange mboga za wiki nzima, kisha wanga ufuate.

Kujaa kwa ghala hakutoshi. Iringa ni mkoa wa mahindi, viazi na maharage, lakini Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 uliwakuta zaidi ya nusu ya watoto wake wa chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati kwa nchi nzima walikuwa asilimia 30. Sababu za kudumaa ni nyingi: maradhi ya mara kwa mara, maji yasiyo salama, mama kuelemewa na kazi za shamba asipate muda wa kumlisha mtoto. Mojawapo ni sahani iliyojaa chakula cha aina moja. Mtoto hushiba, mwili wake ukabaki na njaa.

Ndiyo maana Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, hufundisha mlo kwa makundi ya vyakula: nafaka, mizizi na ndizi za kupika, jamii ya kunde na karanga, vyakula vya asili ya wanyama, mboga, matunda, na mafuta kwa kiasi. Hapa pana kosa linalofanywa kwa mapenzi makubwa. Mzazi hununua unga wa uji uliochanganywa mahindi, ulezi, mtama, mchele na ngano, akaamini amempa mtoto vyakula vitano. Vyote hivyo ni nafaka, kundi moja. Uji wa mahindi matupu uliotiwa karanga zilizosagwa na maziwa unamfaa zaidi, na papai bivu likifuata, bora zaidi.

Tuchukue mfano wa familia ya watu watano isiyo na friji. Ijumaa usiku wanakaa na karatasi na kuandika mboga saba, wakianza na zile zinazowahi kuharibika. Jumamosi ni vibua wabichi na matembele, siku hiyohiyo wametoka sokoni. Jumapili nyama nusu kilo, mchicha na wali. Jumatatu choroko za nazi na bamia. Jumanne mayai na nyanya chungu, kwa kuwa mayai mazima yasiyooshwa hukaa zaidi ya wiki mahali penye ubaridi. Jumatano mtu anapita gengeni kuchukua majani ya maboga ya kupikwa na dagaa. Alhamisi maharage na kabichi, ambayo imevumilia tangu Jumamosi bila kunyauka. Ijumaa kisamvu cha karanga, na kunde pembeni. Ugali, wali, ndizi au viazi vitamu vitapangwa kufuata mboga hizo, na ugali ukiwa wa dona, sehemu kubwa ya vitamini na nyuzinyuzi za mahindi hubaki humo. Dona lina mafuta ya kiini cha mahindi na huchacha mapema, kwa hiyo linunuliwe la wiki mbili au tatu tu.

Sasa sokoni. Dar es Salaam kila soko lina sifa yake: Tandale kwa nafaka, Ilala kwa nyanya, vitunguu na viazi, Mabibo kwa ndizi na matunda, Feri kwa samaki. Bei za huko ni nafuu, ila nauli hula ule unafuu kama mtu anakwenda kwa ajili ya kilo mbili. Majirani watatu wakichanga, mmoja akaenda kwa niaba ya wote na kurudi na debe la maharage la kugawana, hesabu inakaa sawa.

Kwenye dagaa haraka haifai. Dagaa wazuri hung'aa rangi ya fedha, ni wakavu kiasi cha kukatika kwa vidole, na hawanuki uvundo. Mnunuzi mzoefu haridhiki na wa juu waliopangwa wakapendeza. Huzamisha mkono hadi chini ya lundo, akatoa wachache, akawapuliza na kutazama mchanga unaobaki kiganjani. Wakioshwa kwa maji ya uvuguvugu na kuliwa na mifupa yao, humpa mtoto protini pamoja na kalisi, na hawahitaji friji wala barafu.

Karanga na mahindi vinataka jicho kali zaidi. Punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zinaweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa wala kukaangwa. Mwaka 2016 iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara. Punje mbovu zitupwe, zisisagwe kwa kuonewa huruma.

Lakini vipi anayelipwa kwa siku? Kibarua au dereva wa bodaboda anayeacha hela ya mboga mezani kila asubuhi hawezi kununua vya wiki kwa mkupuo, na kumwambia afanye hivyo ni kutomtendea haki. Anaweza kutenga sehemu ndogo ya hela ya kila siku kwa kitu kimoja kikavu: leo nusu kilo ya maharage, kesho robo ya dagaa, keshokutwa choroko. Ifikapo Jumamosi mikebe ina kitu. Na kwenye mafuta, ajumlishe alichotumia kwa vipimo vidogo wiki nzima, alinganishe na bei ya chupa ya lita moja. Wengi hushangaa.

Jikoni nako kuna mengi ya kuokoa. Maharage yakilowekwa usiku na maji yale kumwagwa, huiva mapema na mkaa hutumika kidogo. Majani yaoshwe kabla ya kukatwa, yapikwe kwa muda mfupi na mafuta kidogo, maana vitamini A hufyonzwa vizuri penye mafuta. Chai ya rangi isiandamane na chakula, kwa kuwa hupunguza madini ya chuma ambayo mwili ungeyapata kwenye maharage na majani. Ingoje saa moja. Badala yake, chungwa au embe mezani, au ndimu ikamuliwe juu ya mboga, na madini hayo yatafyonzwa zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa mtu kwa siku, na chumvi isiyofika gramu 5, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa hata iliyomo kwenye viungo vya mchuzi vya dukani.

Pana jambo la kugawa chungu, nalo lisemwe waziwazi. Nyumba nyingi kipande kikubwa cha samaki huenda kwa baba, watoto wakapata mchuzi. Mjamzito na mtoto mdogo ndio wenye mahitaji makubwa ya chakula cha asili ya wanyama, kwa hiyo sehemu yao itengwe kwanza, na ya mtoto iwe kwenye sahani yake mwenyewe asishindane na kaka zake.

Kiporo kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la pwani, hasa wali, ambao vijidudu vyake vinaweza kuacha sumu isiyoondoka hata kwa kupashwa moto. Nyumba isiyo na friji ipike kinachotosha usiku huo.

Ijumaa inayofuata karatasi hugeuzwa upande wa pili. Kabla ya kuandika mboga saba mpya, mtu anafungua mikebe na kuandika kilichobaki: kikombe cha choroko, mayai manne, dagaa wa mlo mmoja. Orodha ya sokoni inaanzia hapo.