Deni Ambalo Hakuna Tena Anayelidai

JUMANNE

Soma Filemoni 10–19. Onesimo alipoongoka, ni nini kilitokea kwa hesabu yake na Filemoni?

Paulo hakumwandikia Filemoni kwamba kuongoka kumefuta kila kitu. Alimwita Onesimo mwanawe, kisha akaomba kwamba kama kuna anachodaiwa kihesabiwe juu yake yeye Paulo, akaahidi kwa mkono wake mwenyewe kulipa. Mtu alikuwa mpya. Deni, kama lilikuwapo, lilikuwa lile lile.

Jambo hili lina uzito wa pekee mkoani Katavi. Wako washiriki kule Mpanda na Mlele waliolima tumbaku kabla ya kuujua ukweli. Walichukua mbolea kwa mkopo kupitia chama cha msingi, yaani AMCOS, na deni la pembejeo hukatwa kwenye mauzo. Mkulima akihamia mpunga au mahindi, hana tena mauzo ya kukatwa. Lakini aliyekopesha hukidai chama, na mara nyingi waliobaki ndio wanaobeba pengo. Basi ndugu anayesema, “Nimeacha tumbaku na mambo yake yote,” huenda amemwachia jirani yake mfuko wa mbolea aulipie. Kuliacha zao hilo ni vema. Mbolea, hata hivyo, ilikwisha kutumika.

Miaka hupita. Sheria ya Ukomo (Sura ya 89) ya mwaka 1971 humpa mdai miaka 6 kufungua shauri la mkataba. Jina nalo laweza kuondoka katika taarifa za wakopaji ambazo mabenki huzitazama kabla ya kukopesha, na ambazo Benki Kuu iliziwekea kanuni mwaka 2012. Wengine huona hayo kuwa msamaha. Sivyo. Sheria hufunga mlango wa mahakama. Haiandiki popote kwamba deni limelipwa.

Soma Kumbukumbu la Torati 15:1, 2 na Zaburi 37:21. Ni nani aliyeamriwa kuachilia deni katika mwaka wa saba?

Amri ile alipewa anayedai. Aliyekopa hakuambiwa ajisamehe mwenyewe. Wengi huiruka tofauti hii wanaposoma.

Anayetaka kulipa aende kwa hekima. Malipo ya sehemu, au barua ya kukiri deni yenye saini, huweza kuanzisha upya hesabu ya ile miaka 6. Hiyo si sababu ya kukaa kimya, bali ya kupatana kwanza: ni kiasi gani, kwa misimu mingapi, na riba inaishia wapi. Yaandikwe, na kila malipo yawe na stakabadhi. Chama kikiwa kimevunjika, aulize kwa Afisa Ushirika wa wilaya. Aliyekopesha akiwa mtu binafsi naye amefariki, Hesabu 5:6–8 yaelekeza kwa jamaa yake. Na akipigiwa simu na mtu asiyemjua anayedai deni la zamani, aombe karatasi kwanza. Matapeli nao wanajua shida za watu.

Je, asiye na kitu? Soma 2 Wafalme 4:1–7. Deni lilikuwa la marehemu mume, na wana wawili walikuwa karibu kuchukuliwa. Elisha hakumwambia mjane kwamba deni limekufa pamoja na mumewe. Alimpa utaratibu: auze mafuta, alipe, kisha yeye na wanawe waishi kwa kinachosalia. Kwa mkulima wa Mpanda, gunia moja la mpunga kila msimu laweza kuwa mwanzo.

Kwa Mjadala: Mshiriki wa kundi lenu ana deni la pembejeo la miaka 9 iliyopita, na hakuna anayelidai tena. Wakati ule wanachama wawili wa AMCOS yake walikatwa fedha kwa ajili yake, na mmoja wao hamsalimii hadi leo. Aanze kwa nani, chama au hao wawili? Nani katika kundi lenu angekubali kwenda pamoja naye?