Shule Ikifungwa, Masomo Yaendelee: Kijitabu cha Wazazi, Walimu na Kamati za Shule wa Lulindi

Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 kutangazwa nchini Tanzania, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule zote, kuanzia za awali hadi kidato cha sita. Tangazo lile lilikuwa la siku 30. Muda ukaongezwa. Kidato cha sita na vyuo, ambavyo navyo vilikuwa vimefungwa, vilirudi tarehe 1 Juni, na madarasa mengine yote tarehe 29 Juni.

Huku kwetu Lulindi, wilayani Masasi, miezi ile iliangukia kwenye palizi na kupulizia mikorosho. Mtoto asiyekuwa na kazi ya shule mkononi alipata kazi nyingine upesi, na hakuna mzazi wa kulaumiwa kwa hilo: shamba halingoji. Lakini mtoto wa darasa la pili anayekaa zaidi ya miezi mitatu bila kushika kitabu husahau mengi, hasa pale nyumbani wanapozungumza Kimakua, Kiyao au Kimakonde na Kiswahili anakisikia zaidi darasani.

Sisi tulifungiwa muda mfupi kuliko majirani. Kenya ilifungua madarasa yote Januari 2021. Uganda, iliyofunga Machi 2020, ilirudisha wanafunzi wote tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka miwili baadaye. Na maradhi ya mlipuko hayajaisha: mwaka 2023 virusi vya Marburg viliingia Kagera. Kijitabu hiki kinaeleza mpango ambao kijiji kinaweza kuuandaa sasa, wakati shule ziko wazi na walimu wapo, ili siku ya tangazo kila mtu ajue pa kuanzia.

REDIO INAHITAJI MTU PEMBENI YAKE

Mwaka 2020 Taasisi ya Elimu Tanzania iliandaa vipindi vya masomo vikarushwa kwenye redio na televisheni. Ilikuwa hatua njema. Tatizo lilikuwa upande wa msikilizaji. Nyumba nyingi za Mchauru, Nanjota au Sindano hazina televisheni, simu janja ikiwepo ni ya baba na bando lake ni la kuhesabu, na redio ikiwepo mtoto husikiliza peke yake. Mwalimu wa redio akisema "andika jibu lako", hakuna wa kuliangalia jibu hilo.

Nchi yetu ilishapata ufumbuzi wa jambo hili zamani, na wazee wengi wanaukumbuka. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilifundisha watu wazima karibu milioni 2 kwa njia ya redio. Vipindi vilikwenda kwa wiki 12. Nguvu yake haikutoka kwenye redio pekee. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, kilikuwa na kijitabu, na baada ya kipindi watu walijadiliana kisha wakaondoka na kazi ya kufanya: kuchimba choo, kufukia dimbwi, kufyeka nyasi kuzunguka nyumba. Tunaamini watoto wa Lulindi wanahitaji vitu hivyo hivyo: sauti ya redio, karatasi ya mazoezi, na mtu mzima aliyekaa nao.

KIKUNDI CHA KITONGOJI

Kamati ya shule, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, igawe watoto katika vikundi vya watoto 6 hadi 8 wanaokaa jirani na wanaokaribiana kwa darasa. Kila kikundi kiwe na msimamizi. Hahitaji kuwa mwalimu. Kijana aliyemaliza kidato cha nne, mwanachuo aliyerudishwa nyumbani na tangazo lile lile, mwalimu mstaafu, katekista au mwalimu wa madrasa: yeyote anayesoma vizuri, mvumilivu kwa watoto, na ambaye wazazi wanamwamini kwa watoto wao wa kike na wa kiume. Sifa hii ya mwisho izingatiwe kuliko zote, na jina lake lipitishwe kwenye mkutano wa wazazi, si mezani kwa mtu mmoja.

Lulindi ina historia ya kuwaamini vijana wake kwa kazi nzito. Katika miaka ya 1930 daktari Leader Stirling, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania, alianza hospitali hapa kwa vifaa haba na kuwafundisha vijana wa hapa kazi ya uuguzi. Msimamizi wa kikundi naye afundishwe. Siku mbili pale shuleni zinatosha kumwonyesha jinsi ya kusahihisha, kusikiliza mtoto akisoma kwa sauti, na kuandika mahudhurio.

Kikundi kikutane kivulini, chini ya mwembe au kwenye baraza yenye hewa, saa 3 hadi saa 5 asubuhi, siku tatu kwa wiki. Kipindi cha redio kikiwepo, wasikilize pamoja. Simu nyingi za kitochi zina redio ya FM, na hiyo inatosha kikundi kidogo. Fedha ya betri au ya kuchajia iwekwe kwenye bajeti ya kamati mapema, kwa kuwa mipango mingi mizuri imekufa kwa kukosa betri.

Kila Jumatatu mwalimu wa darasa atoe kazi ya wiki, ukurasa mmoja kwa kila darasa. Penye mashine ya kudurufu itumike. Pasipo nayo, mwalimu aiandike kwenye ubao uliotundikwa nje ya ofisi ya kijiji, na msimamizi aje kuinakili. Ijumaa madaftari yarudi kwa mwalimu. Mtoto anapoona alama ya kalamu nyekundu kwenye daftari lake anajua kuwa mwalimu wake hajamsahau, na hilo tunaliona kuwa na uzito sawa na somo lenyewe.

Kwa darasa la kwanza hadi la tatu redio haisaidii sana. Hao wanahitaji kusoma, kuandika na kuhesabu kwa mikono yao. Korosho zinahesabika kwa makumi na mamia, na mtoto anayejua kusoma mizani ya chama cha msingi anajua kilo na nusu kilo. Bibi asiyejua kusoma anaweza kusimulia hadithi. Mjukuu aiandike sentensi tano kwa Kiswahili na kumsomea.

AFYA YA KIKUNDI

Maradhi hayafanani, na mpango ubadilike kufuatana nayo. Ugonjwa wa njia ya hewa unataka mahali pa wazi na nafasi kati ya mtoto na mtoto. Kipindupindu kinataka maji yaliyochemshwa au kutibiwa, choo, na mikono safi. Wizara ya Afya ikizuia mikusanyiko, kikundi kisikutane hata kama ni cha watoto wanne: msimamizi apite nyumba kwa nyumba, asimame uani, aache kazi mpya na kuchukua iliyokwisha.

Maji ni shida, na kwa wenzetu wa Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde usio na mito, ni shida zaidi. Kwa hiyo tunasisitiza kibuyu chirizi: dumu la lita 5 lililotobolewa, limefungwa kwenye mti wa kulala, linainamishwa kwa kamba na kijiti cha kukanyaga kwa mguu. Hutoa maji kidogo kidogo, na hakuna anayelishika kwa mkono mchafu. Sabuni ifungwe pembeni. Isipokuwepo, tumia jivu. Mtoto mwenye homa, kikohozi au kuharisha abaki nyumbani na apelekwe zahanati. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure.

SHAMBA, JANDO NA UNYAGO

Mtoto kusaidia shambani baada ya masomo ni malezi. Kupulizia mikorosho salfa si kazi yake, kwa kuwa vumbi lile huchoma macho na kuingia kifuani. Kama familia inahitaji mikono asubuhi, mweleze msimamizi, kikundi kihamie saa 9 alasiri. Kikundi kipange saa zake kwa kufuata msimu.

Jambo la pili tunalisema kwa heshima. Shule zikifungwa ghafla, wengine huona ndiyo nafasi ya kuwaingiza watoto jandoni na unyagoni. Mikusanyiko wakati wa janga ni hatari, na binti aliyetoka unyagoni huku hana shule ya kurudi huanza kutazamwa kama mtu mzima na wanaume wasio na nia njema. Tunawaomba manyakanga na makungwi wasubiri likizo ya kawaida, na watumie sauti yao, ambayo mabinti huisikiliza kuliko yetu, kuwaambia kuwa shule bado inawangoja. Mtoto anayetishwa, anayeguswa vibaya au anayelazimishwa kuolewa asaidiwe kupiga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, bila malipo.

SHULE ZIKIFUNGULIWA

Mwaka 2020 serikali iliongeza saa 2 za masomo kila siku kufidia muda uliopotea, na mtihani wa darasa la saba ukafanyika Oktoba. Saa za ziada husaidia, lakini mtoto anayetembea mbali na ambaye hajala kitu tangu asubuhi hafaidiki nazo. Uji wa shuleni uanze siku ile ile saa za ziada zinapoanza, hata kama kila mzazi atachangia kisado kimoja cha mahindi.

Wiki ya kwanza isiwe ya mitihani ya kutisha. Mwalimu amsikilize kila mtoto akisoma na ampe hesabu chache, ajue alipo, kisha awapange kwa hatua waliyofikia. Madaftari ya kikundi yatamwonyesha mengi.

Siku ya tatu, mwalimu mkuu aweke daftari la mahudhurio ya kabla ya kufungwa mbele ya kamati na kusoma majina ya wasiorudi. Kila jina lipewe mtu wa kulifuata hadi nyumbani kabla ya wiki kwisha. Wengine watakutwa wamehamia Masasi mjini au wamevuka mto Ruvuma. Shule iwasiliane na huko. Wengine watakuwa wajawazito au wamejifungua. Sierra Leone, baada ya kufunga shule kwa sababu ya Ebola mwaka 2014, iliwazuia wasichana wajawazito kuingia darasani, na katazo hilo likaondolewa mwaka 2020 tu. Kwetu, tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu msichana aliyejifungua kurudi kwenye shule ya kawaida. Mzazi anayeambiwa vinginevyo aende kwa Afisa Elimu Kata akiwa na jina la binti yake na darasa aliloachia, na aombe aandikishwe siku hiyo hiyo.