HUKU KWAO, HUKU KWETU: VIASHIRIA NA VIMILIKISHI VYA MAHALI KATIKA USEMI WA WANANDOA WALIOHAMIA NG'AMBO

Utangulizi

Wanafunzi wengi wa sarufi hufundishwa viashiria kwa jedwali: karibu, mbali kiasi, mbali zaidi. Jedwali hukaririwa, mtihani hufanywa, na mambo huishia hapo. Makala haya yanakusudia kulitoa jedwali hilo ubaoni na kulitazama likiwa kazini, katika mazungumzo ya simu kati ya mume na mke waliohamia ng'ambo na jamaa zao waliobaki Nairobi. Swali ambalo wanandoa hao huulizwa mara kwa mara ni moja: "Mmeshazoea?" Wao hujibu kwamba wamezoea, au kwamba bado. Hoja yetu ni kuwa jibu la kutegemewa zaidi halimo katika kitenzi hicho, bali katika jinsi wanavyoambatanisha kiashiria cha mahali na kimilikishi: huku na kwao, huku na kwetu, huko na kwetu, huko na kwenu.

Upande wa Nairobi wa mazungumzo hayo tumeuweka Kenyatta Market. Soko hilo, ambalo hata wanaojali Kiswahili sanifu ni nadra kuliita Soko la Kenyatta, liko karibu na mtaa wa Golf Course, si mbali na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Linajulikana kwa mambo mawili, nyama choma na wasusi. Mteja wa wasusi huketi kwa saa kadhaa, kichwa chake kikishughulikiwa na watu wawili, watatu au zaidi kwa pamoja. Mikono yake mwenyewe haina kazi, kwa hiyo hushika simu. Wapo wanaokuja kusukwa kwa sababu wanasafiri, maana kusukwa ng'ambo ni ghali. Wapo pia wanaopigiwa simu na waliokwisha kusafiri. Upande wa pili wa simu tumeuweka Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, ambako Wakenya wengi wamefanya maskani. Wengine walifika Marekani kwa masomo, wengine kwa ile bahati nasibu ya viza iliyotokana na sheria ya mwaka 1990, ambayo Nairobi huitwa grini kadi. Siku hizi njia zimeongezeka: Kenya ilitiliana saini na Uingereza mkataba wa wahudumu wa afya mwaka 2021, na ikatiliana saini na Ujerumani mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi mwaka 2024. Yanayosemwa hapa juu ya Minneapolis yanaweza kusemwa juu ya Leeds au Berlin.

Mifano yote tumeitunga wenyewe kwa kufuata usemi wa kawaida wa Nairobi. Si maneno ya mtu fulani.

Majina ya kule waendako

Kabla ya kufika kwenye viashiria inafaa kuyapima majina yenyewe. Kiswahili kina *ng'ambo*, *ughaibuni*, na katika lugha ya mitaani ya Nairobi, *majuu*. La kwanza ni neno la maji: upande wa pili wa mto au wa bahari. Mjini Zanzibar, Ng'ambo ni sehemu iliyokuwa upande wa pili wa hori, mkabala wa Mji Mkongwe, na mtu aliweza kuifikia kwa miguu. Kwa maana hiyo ng'ambo ni neno la kiuhusiano. Aliyevuka, upande alioutoka ndio unaokuwa ng'ambo kwake. Basi kwa wanandoa walioko Minneapolis, Nairobi sasa ndiyo ng'ambo. Hata hivyo husikii wakisema hivyo. Neno limeganda upande mmoja.

*Ughaibuni* lina hali hiyo hiyo kwa njia nyingine. Mzizi wake wa Kiarabu unahusu kutokuwepo, kutoonekana. Asiyeonekana na nani? Na aliyebaki, bila shaka, kwa kuwa mtu hawezi kuwa ghaibu machoni pake mwenyewe. Mume anaposema "sisi tulioko ughaibuni" anajitazama kwa macho ya mama yake. *Majuu* nalo humlazimisha msemaji kusimama chini.

Neno la kukaa ndilo lililo adimu. Kamusi zinatupa *-lowea*, yaani kuhamia mahali na kukaa hapo moja kwa moja. Ni neno zuri ambalo limeharibiwa na historia: kila aliyesoma shule nchini Kenya amekutana na *walowezi* wa nyanda za juu, na hakuna atakayemwambia dada yake kwa furaha, "Tumelowea Minneapolis."

Kuhama na kuhamia

Kitenzi *-hama* huchukua mahali panapoachwa. Kauli yake ya kutendea, *-hamia*, huchukua mahali panapofikiwa.

(1) Wamehama Ngumo.
(2) Wamehamia Minneapolis.

Tukio ni moja, watu ni wale wale, ila (1) imesemwa na jirani aliyeachwa na (2) yaweza kusemwa na jirani mpya. Kiambishi kimoja, *-i-*, kimegeuza uso wa sentensi nzima. Kwa mantiki hii *mhamiaji* ni jina analopewa mtu na mji aliouingia. Ndiyo maana kuna kichekesho kidogo katika jina la Idara ya Uhamiaji: Mkenya anayepanga foleni Nyayo House kuomba pasipoti ya kuondokea anahudumiwa na ofisi yenye jina la wanaoingia.

Huku, huko, kule

Sasa tuje kwenye jedwali. *Huku* ni kwa msemaji. *Huko* ni kwa msikilizaji, au mahali palipokwisha kutajwa. *Kule* ni mbali na wote wawili. Katika mazungumzo ya ana kwa ana mipaka hii huonekana kama suala la umbali tu. Simu huidhihirisha kuwa ni suala la watu.

(3) Huku baridi imezidi. Huko mvua imenyesha?
(4) Hapo Kenyatta bado yupo yule msusi wa kwenye kona?
(5) Pale Kenyatta bado yupo yule msusi wa kwenye kona?

Tuseme mke yuko Minneapolis na anazungumza na dada yake aliyeketi kwenye kiti cha msusi. Sarufi ya kitabu inataka (4), kwa kuwa soko liko kwa msikilizaji. Lakini (5) nayo husemwa, na si kosa. Anayesema *pale* hamwoni tena dada yake kama aliyeketi hapo. Anapataja mahali wanapopakumbuka wote wawili, kana kwamba hata dada yuko mbali napo. Jioni, mke anapozungumza na mumewe jikoni, *pale Kenyatta* ndiyo kauli pekee inayowezekana. Kwa maoni yetu (5) hutokana na mazungumzo hayo ya jikoni: soko limekaa mno katika kumbukumbu ya wawili hata kiashiria chake kimezoeleka.

Kwetu ya nani?

Kiashiria chenyewe hakitoshi kueleza mazoea, kwani anayefika leo asubuhi husema *huku* kwa lazima. Mwili uko huku. Kinachochelewa ni kimilikishi. Katika miezi ya mwanzo husikika:

(6) Huku kwao watu hawasalimiani barabarani.

Hapa kiashiria na kimilikishi vinavutana: mahali ni pa msemaji kwa mwili, ni pa wengine kwa haki. Baadaye hutokea kauli za katikati, kama *huku tuliko* au *huku tunakokaa*, ambazo hukwepa kimilikishi kwa kutumia kirejeshi. Kisha siku moja, pasipo kutangazwa, mmoja wao husema:

(7) Huku kwetu takataka huzolewa Jumanne.

Jambo linalotajwa ni dogo. Kauli hii huanza na mambo ya takataka, theluji ya mlangoni, basi la asubuhi. Haianzi na mambo ya taifa. Upande wa pili wa simu nao una hatua zake. Nairobi huanza kuwa *huko kwetu*, huwa *huko nyumbani*, na hatimaye hufika:

(8) Huko kwenu bei ya unga imepanda tena, nimesoma.

Aliye Kenyatta Market akisikia *kwenu* huacha kidogo kuzungumza. Msemaji hakukusudia ubaya. Amefuata kanuni kwamba mahali pa msikilizaji huchukua kimilikishi cha msikilizaji. Lakini jamaa aliyebaki alikuwa akilihesabu neno *kwetu* kama mali ya pamoja.

Ugumu unaongezeka kwa sababu Kiswahili hakitofautishi *sisi* inayomjumuisha msikilizaji na *sisi* inayomwacha nje. Mume akimwambia mama yake "kwetu", mama hana namna ya kisarufi ya kujua kama yumo. Kwa mke jambo lina tabaka zaidi. Hata kabla ya safari alikuwa na *kwetu* ya wazazi wake, ambayo ndiyo maana ya kawaida ya "naenda kwetu" kwa mwanamke aliyeolewa. Alikuwa pia na ya ukoo wa mume, ambako wifi zake hawaachi kumkumbusha kwamba ndiko kwake. Na alikuwa na nyumba ya kupanga Ngumo ambayo haikuitwa *kwetu* na mtu yeyote. Minneapolis ni mahali pa nne, na huenda ndipo mahali pa kwanza ambapo mume na mke wana *kwetu* inayowahusu wao wawili tu.

Nyumba na nyumbani

Wakenya waliwahi kulibishania jambo hili mahakamani. Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika Matasia, karibu na Ngong, walikokuwa na shamba. Ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Upande wa ukoo ulishikilia kwamba alichokuwa nacho marehemu huku Nairobi kilikuwa nyumba, hata kiwe kizuri namna gani, na kwamba nyumbani kwake kwa mila kulikuwa Nyalgunga. Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo haki, na maziko yakafanyika Nyalgunga mwezi huo huo.

Mzungumzaji wa Dholuo ana maneno mawili yasiyofanana, *ot* na *dala*. Kiswahili huunda la pili kutokana na la kwanza kwa kuongeza *-ni*, kiambishi kile kile cha *sokoni* na *kanisani*. Pengine ndiyo sababu wakazi wa Nairobi walibuni *kwa nyumba*: "niko kwa nyumba" ni katika jengo ninamolala, na *nyumbani* kumeachiwa kule tuendako Desemba. Walimu hulipigia *kwa nyumba* mstari mwekundu. Sisi tunaona kwamba linafanya kazi ambayo sanifu imeiacha bila mfanyaji, na linastahili kuchunguzwa kabla ya kukatwa.

Jambo la kuzingatia ni kinachotokea wanandoa wakivuka bahari. Walipokuwa Ngumo, Nairobi haikuwa nyumbani. Nyumbani kulikuwa Siaya, Machakos au Murang'a. Wakiwa Minneapolis, Nairobi yote imeingia katika *nyumbani*, pamoja na kelele zake, pamoja na kiti cha msusi na moshi wa nyama choma. Mji uliokuwa na nyumba tu umepata *-ni* baada ya kuhamwa. Kwa upande wa sheria, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 16, inamruhusu raia wa kuzaliwa kubaki raia hata akipata uraia wa nchi nyingine. Jambo hilo lilipunguza hofu nyingi. Halikugusa suala la kaburi, na jamaa wa Wakenya wanaofia ng'ambo bado huchanga fedha ili mwili urudishwe.

Saa za huku

Kwa ufupi tugusie wakati. Saa za Kiswahili huhesabiwa kwa jua la karibu na Ikweta, ambalo halibadiliki sana mwaka mzima. Minneapolis mwezi wa Juni jua hutua yapata saa tatu usiku, na Desemba hutua yapata saa kumi na nusu alasiri. Kwa hiyo mke anaweza kumwambia mama yake kwamba ni saa mbili usiku na watoto wanacheza juani, au kwamba ni saa kumi na moja jioni na giza limetanda. Sarufi haina kosa, ila maneno *usiku* na *jioni* yamepoteza jua lake. Nairobi iko mbele kwa saa 8 au 9 kutegemea majira, na *saa za huku* huwa kauli ya lazima katika kila simu.

Kurudi na kuja

Kitenzi *-rudi* hudai kwamba mtu aliwahi kuwapo mahali anapoelekea. Mwaka wa kwanza wanandoa husema "tutarudi Desemba". Baada ya miaka kadhaa husema "tutakuja Desemba", kama wageni. Mtoto aliyezaliwa Minneapolis hana hata hiari hiyo: bibi akimwambia "rudi nyumbani", amempa mtoto kitenzi asichoweza kukitekeleza, naye hujibu kwa usahihi kabisa kwamba yuko nyumbani.

Wakija kweli, na mke akaenda Kenyatta Market kusukwa, msusi humuuliza:

(9) Mnarudi lini?

Sentensi hii ina maana mbili: kurudi Marekani baada ya likizo, au kurudi Kenya kuishi. Kiimbo hakizitenganishi, muktadha wa kiti cha msusi hauzitenganishi, na kiashiria hakikutajwa. Mteja hana budi kuuliza, "Kurudi wapi?"