Elimu kwa Wananchi: Njia ya Waenda kwa Miguu Karibu na Makazi

Msimu wa uvunaji wa miwa, mtoto wa Ruaha aendaye shule hugawana barabara ya Mikumi–Ifakara na malori. Hoja ya kufungua njia ya waenda kwa miguu nyuma ya nyumba, kwa hiyo, ina uzito. Hata hivyo, njia hiyo hupita uani kwa mtu, kwenye migomba na mabanda yake. Anayehoji si lazima awe anapinga maendeleo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, hairuhusu Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao mjumbe wake ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Hapo ndipo pa kuuliza: upana ni mita ngapi? Itafuata mpaka upi? Je, bodaboda zitaruhusiwa? (Swali hili husahaulika, nalo huzua ugomvi baadaye.) Majibu yaandikwe katika muhtasari wa mkutano.

Ibara ya 24 ya Katiba inalinda mali dhidi ya kutwaliwa bila fidia inayostahili. Mazao na majengo yatakayoguswa yaorodheshwe mbele ya mwenyewe, kabla ya kazi kuanza.