SOMO: ZIZI LA MAWE LAWEZA KUWA NYUMBA?



Tukiona zizi la mawe limeachwa, wengi wetu husema, "Bomoa, tujenge upya." Hebu tungoje kidogo. Ukuta uliosimama ni pesa iliyokwisha kutumika.

Jengo la makumbusho mjini Meru lilikuwa ofisi ya DC, lililojengwa miaka ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1974 likafunguliwa kuwa makumbusho. Halikubomolewa, kazi yake ndiyo iliyobadilika.

Kule London, matajiri walijenga mazizi ya farasi nyuma ya nyumba zao. Chini walikaa farasi na magari ya kukokotwa, juu nyasi kavu na watumishi. Magari ya petroli yalipoingia mwanzoni mwa karne ya 20, farasi waliondoka. Mazizi mengi yakawa gereji, halafu nyumba za watu. Leo ni nyumba za bei kali.

Lakini zizi halikujengwa kwa ajili ya mtoto kulala. Kabla ya kuhamia, tuangalie mambo manne:

1. Sakafu. Mkojo wa wanyama huacha chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Ng'oa sakafu, toa udongo wenye harufu, jaza mawe, tandika nailoni nzito, ndipo umwage zege. Plasta iliyooza ibanduliwe, ukuta ukauke kabisa.

2. Mwanga na hewa. Chumba cha futi 10 kwa 12 kinahitaji dirisha la futi 3 kwa 4 hivi. Mlango mpana wa zizi ni bahati: jenga sehemu ya chini, juu uweke dirisha. Hapo hukati ukuta. Ukilazimika kukata, fundi aweke linta kwanza.

3. Paa. Dunga mbao kwa kisu. Kikizama, mchwa wamekula, badilisha.

4. Ruhusa. Kugeuza zizi kuwa makao kunahitaji kibali cha serikali ya kaunti. Kama jengo limetangazwa kuwa urithi chini ya sheria ya mwaka 2006, waoneni Makumbusho ya Taifa kwanza.

Msingi ukiwa umetitia au nyufa zikipanuka kila mvua, hapo hakuna cha kuokoa. Msimweke mjane wala mpangaji humo kwa sababu tu ni rahisi.

Maswali ya kuzungumza kikundini:
- Kwetu kuna jengo gani limelala bure?
- Nani atalikagua kabla hatujachanga pesa?
- Je, sisi wenyewe tungekubali kulala humo?