Upasuaji wa Sainasi kwa Kamera: Yalinde Macho Yako

Lengo la somo. Baada ya somo hili, mtumiaji wa huduma ataelewa kwa nini upasuaji wa pua unaweza kulidhuru jicho, atazitambua dalili za hatari, na atajua maswali ya kuuliza kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa.

Pua na jicho ni majirani

Sainasi ni vyumba vya hewa vilivyomo ndani ya mifupa ya uso, kando ya pua na katikati ya macho. Zikivimba kwa miezi mingi na dawa zisifae, au vinyama vikiziba pua, daktari bingwa wa masikio, pua na koo anaweza kushauri upasuaji. Siku hizi mrija mwembamba wenye taa na kamera hupitishwa katika tundu la pua, na uso haukatwi. Kwa kuwa hakuna kovu, wengi hudhani kuwa hakuna hatari. Hata hivyo, ukuta unaotenganisha sainasi na jicho ni mfupa mwembamba mno, ambao wataalamu huufananisha na karatasi.

Madhara yanayoweza kutokea

Ukuta huo ukitoboka, ngozi inayozunguka jicho inaweza kuvilia damu, na mara nyingi hali hiyo hupona. Msuli unaolivuta jicho upande wa pua ukijeruhiwa, mgonjwa huona kitu kimoja kuwa viwili. Mfereji wa machozi ukiumia, jicho hutiririka machozi daima. Baya zaidi ni mshipa wa damu kukatika na damu kujaa nyuma ya jicho. Shinikizo lake hudhuru mshipa wa fahamu wa jicho, na uwezo wa kuona unaweza kupotea moja kwa moja usipookolewa ndani ya saa moja hadi saa moja na nusu.

Madhara makubwa ya macho huwapata wachache, chini ya mgonjwa mmoja katika kila 100. Anayepatwa nayo, lakini, hana muda wa kupoteza.

Umbali nao ni sehemu ya tiba

Kwa mkazi wa Dumila, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko mjini Morogoro, zaidi ya kilomita 60. Wengine hupewa rufaa hadi Muhimbili, Dar es Salaam, au Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Jicho likianza kuvimba wakati basi limekwisha kupita Dakawa, muda wa kuliokoa huishia barabarani. Kwa hiyo, usiharakie kurudi nyumbani siku ya upasuaji. Panga malazi karibu na hospitali kwa muda atakaoshauri daktari.

Uliza kabla ya kutia saini

1. Je, daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na ana uzoefu wa upasuaji huu?
2. Je, nimepigwa picha ya CT, na daktari ameuchunguza ukuta wa jicho?
3. Je, dawa ninazotumia, kama vile aspirini, huongeza kutoka damu? Usiache dawa yoyote bila ushauri wa daktari.
4. Jicho likipata tatizo usiku, nani atanihudumia?

Dalili zisizosubiri kesho

Mwite muuguzi au rudi hospitali mara moja ukiona jicho linatokeza nje, linauma sana, limekuwa gumu, haligeuki vizuri, linaona viwili au ukungu. Ukiwa mbali, nenda kituo cha afya kilicho karibu, ueleze kwamba umefanyiwa upasuaji wa sainasi, na uombe hospitali ipigiwe simu.

Usipenge kamasi hadi daktari akuruhusu, kwani hewa inaweza kusukumwa kuelekea jichoni. Ukipiga chafya, fungua mdomo.

Kumbuka. Kuuliza si kumdharau daktari. Ridhaa ni yako, na macho ni yako.