Kanga ya Bibi Haikuwa ya Kijani

"Nimerithi kasha la picha za familia, nyingi zilipigwa studio enzi za babu. Nimeanza kuzitia rangi kwa programu ya simu. Ile ya harusi ya bibi mzaa baba niliichapisha kubwa nikaitundika sebuleni siku ya hitma yake. Watu walifurahi, lakini shangazi alisema nimemzulia mama yake, akaondoka bila kula. Sasa mwenye hoteli mmoja hapa Mji Mkongwe anataka kununua kasha zima, nikishazitia rangi zote. Pesa ni nzuri. Nifanyeje?" — M.S., Vikokotoni

Mwanangu M.S. Wenzako wakirithi kasha kama hilo hulisukumia uvunguni, panya wakamaliza kazi. Wewe umelifungua, ukatazama, ukataka bibi yako aonekane. Hayo ni mapenzi, na shangazi akishapoa atayaona. Wala kupenda rangi si kosa. Kisiwa hiki kilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, wakati bara walisubiri hadi miaka ya 1990 ndipo wakapata televisheni yoyote.

Lakini nakala uliyoniletea nimeiangalia vizuri, na shangazi yako hakukasirika bure.

Simu haikuwako harusini

Bibi yako kajitanda kisutu. Mwanamke yeyote wa mwambao aliyewahi kumpamba bibi harusi anaijua kanga hiyo kwa vidoa vyake vidogo vilivyojipanga, na anajua ni nyekundu, nyeusi na nyeupe. Simu yako imeifanya kijani. Uso nao umeng'aa ukapauka, hata ungedhani ni mtu wa Lisbon.

Simu haikufanya hila. Programu hizi hufunzwa kwa mamilioni ya picha, nyingi za Ulaya na Marekani, kisha hukisia: hapa pana majani, tia kijani, hapa pana ngozi, tia ile iliyoizoea. Kisutu haikijui. Na picha yenyewe haiwezi kuisaidia. Vioo vingi vya kunasia picha vya karne ya 19 viliona buluu tu, vikaiandika nyeupe. Ndiyo maana mbingu za picha zile ni tupu, hazina hata wingu. Nyekundu havikuiona kabisa. Hata miaka ya 1930, filamu nyingi zilizouzwa bado zilikuwa pofu kwa nyekundu, ikitoka nyeusi. Basi katika picha ya bibi yako, nyekundu ya kisutu na nyeusi yake zimekuwa kitu kimoja. Hakuna fundi duniani atakayezitenganisha kwa kutazama karatasi. Atazitenganisha aliyekuwako, au aliyeishika kanga ile kwa mkono wake.

Zamani picha zilipakwa rangi kwa mkono, kwa pamba na kijiti. Mpakaji mwenye adabu aliweza kumuuliza mteja: kilemba chako rangi gani? Tofauti yenu ni hiyo tu, kwamba wewe hukuuliza.

Kumbuka na ile picha mashuhuri ya Bibi Salme, binti wa Sultani Seyyid Said wa Zanzibar, aliyopigwa Hamburg kiasi cha mwaka 1868 akiwa amevaa mavazi ya kwao. Siku hizi unaikuta imetiwa rangi namna kwa namna, vazi lile lile leo rangi hii, kesho ile. Mtazamaji asiyeambiwa kwamba ni kisio huondoka akiamini ameona. Rangi, mwanangu, ni ushahidi, na wewe umeutoa kwa jambo usilolishuhudia.

Sasa hoteli

Hapa nitakuwa mkali kidogo.

Ndani ya kasha lako, sina shaka, wamo na majirani, na wanawake waliovua buibui ili wapigwe picha. Hebu fikiri walizipiga kwa ajili ya nani. Kwa mume aliye safarini Mombasa au Maskati, kwa dada, kwa albamu inayofunguliwa chumbani. Mpiga picha aliaminiwa, familia ikaaminiwa. Nyeusi na nyeupe iliwapa kasitara kidogo, kama kwamba wako mbali. Ukiwatia rangi ya midomo na ya shingo, umewaleta karibu. Halafu unataka kuwatundika kwenye ukumbi wa hoteli, wageni wapite na taulo begani. Wajukuu wao wako Malindi na Mkunazini, nao hupita mle kupeleka samaki.

Nchi nyingine zimeshaumia. Mwaka 2021 msanii mmoja wa Ireland alitia rangi picha za wafungwa wa Tuol Sleng huko Kambodia, watu waliopigwa picha kabla ya kuuawa. Wengine wakaonekana wanatabasamu, na picha zao za asili hazina tabasamu. Jamaa zao walilia, serikali yao ikalalamika, gazeti la mtandaoni lililozitoa likaziondoa. Na sisi tuna zetu: picha za watumwa wenye minyororo, ambazo studio za hapa zilizigeuza kadi za posta, na picha za Mapinduzi ya Januari 1964. Ukikutana nazo katika kasha hilo, usiziguse na simu. Zipeleke Nyaraka za Taifa pale Kilimani, waone la kufanya.

Pesa ya hoteli naijua ladha yake. Lakini ikishaliwa, utabaki na majirani ambao kila siku ya Mungu unasalimiana nao.

Fanya hivi

Kasha usiliuze. Picha za asili zipige nakala safi, bila kuongeza wala kupunguza, kisha zihifadhi mbali na jua na unyevu. Joto la hapa lina mchezo mbaya na karatasi. Nyuma ya kila moja andika kwa penseli, si kwa kalamu ya wino: nani, wapi, lini, na nani kakwambia.

Ukitaka kutia rangi, anza na za watu ambao jamaa zao wako hai na wameridhia, na kila nakala uandike chini yake, kwa maneno yanayosomeka, kwamba rangi imetiwa na wewe mwaka huu. Kama hoteli inataka kitu cha ukutani, wauzie picha za majengo, milango na majahazi. Lakini umuulize kwanza mwenye studio, kama studio ipo, kwa maana picha zile ni kazi yake pia. Ukimlipa, akupe risiti.

Shangazi usimwendee na simu mkononi. Mwendee na picha ya asili na doti ya kisutu, kaa chini, mwache akuoneshe mwenyewe. Atakwambia kanga ilikuwaje, hina ilifika wapi, mkufu ulikuwa wa dhahabu au wa kuazima. Uyaandike yote. Halafu ile ya kijani uitoe sebuleni kabla hajaja tena.